Mjadala: Majaribio ya Python yakae ndani ya kodi au nje?

Fundi wa Zamu: Wakuu, kwema? Kazini tumegawanyika. Mimi nashikilia majaribio (vijiprogramu vya kupima kama programu yenyewe inafanya kazi) yakae nje: kodi (ya programu, si ya TRA) kwenye `src/`, majaribio kwenye `tests/`. Pakiti (folda ya kodi) ikikaa kwenye mzizi wa mradi, ukiandika `python -m pytest` (pytest ndicho chombo cha kuendesha majaribio) Python inasoma faili zilizo mbele yako, si zile zilizosakinishwa. Umesahau faili moja wakati wa kufunga pakiti, majaribio yote yanapita, halafu mteja akisakinisha programu inaanguka. Yametupata. `src/` inakulazimisha usakinishe kwanza.

Mpekuzi: Mkuu, NumPy (maktaba ya hesabu ya Python) wameweka ndani, angalia `numpy/linalg/tests`. Mtumiaji akiitilia shaka mashine yake, akiwa na vifaa vya majaribio kama pytest anaandika `numpy.test()` anajipimia. Wa kwako atafanyaje, apakue mradi mzima?

Fundi wa Zamu: Kwa maktaba ya hesabu inayokimbia kwenye prosesa za kila aina, sawa. Yetu ni huduma ya malipo, mteja hajui hata kama kuna Python.

Bi Mistari: Mnagombea fito na nyumba ni moja. Ugonjwa uko kwenye `conftest.py`, faili la pytest la maandalizi ya pamoja. Yetu ilivuka mistari 900, fikscha (maandalizi ya majaribio) zote zimerundikwa juu, nyingine `autouse=True`, yaani zinajiwasha kwa kila jaribio. Jaribio la kujumlisha namba mbili lilikuwa linawasha hifadhidata! Kila folda inaweza kuwa na `conftest.py` yake, na fikscha zikifanana jina, ya karibu ndiyo inayotumika. Tenga `tests/unit` (ya vipande vidogo) na `tests/integration` (ya vipande vikiunganishwa), hifadhidata ishuke kwa wanaoihitaji. Na `scope="session"`, fikscha moja kutumiwa na majaribio yote, mwiogope: jaribio la kwanza likiacha data chafu, la hamsini ndilo linaanguka, mnabaki kutafuta mchawi.

Mpekuzi: Hapo dada umenena. Ila mkishatenga, mtapata `test_malipo.py` mbili, na bila `__init__.py` (faili la kuifanya folda iwe pakiti) pytest inagoma kwa sababu majina yamefanana.

Fundi wa Zamu: Unaweka `--import-mode=importlib`, pytest inakubali majina yanayofanana, imeisha.

Mpekuzi: Haijaisha. Ukiweka hiyo, majaribio hayawezi tena kuimpoti moduli za msaada zilizo kando yake. Za kwenu mmeziweka wapi?

Fundi wa Zamu: Kwenye `src/malipo/testing`.

Mpekuzi: Yaani ndani.

Fundi wa Zamu: Za msaada tu, mkuu.