Mtoa huduma wa intaneti amefunga mipangilio ya LAN (mtandao wa ndani) kwenye ruta ya nyumbani kwangu bila kuniuliza

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza kwa mpangilio ili mwenye ujuzi wa mambo haya aweze kunisaidia.

Nyumba yangu imeunganishwa na faiba, na upande wa mbele nina duka dogo la steshenari. Ruta ya mtoa huduma iko sebuleni. Nyingine, niliyoinunua kwa fedha zangu, iko dukani kwa ajili ya kusambaza waifai huko. Zote mbili zilikuja na anwani ileile ya kiwandani, 192.168.1.1, na aliyewahi kuziunganisha ruta mbili za namna hiyo anajua kinachotokea: mara intaneti ipo, mara haipo, na hujui umlaumu nani. Nilitumia Jumapili nzima kurekebisha. Ruta kuu niliipa 192.168.10.1, ya dukani nikaipa 192.168.10.2 na kuzima DHCP yake, yaani huduma inayogawia vifaa anwani, ili anayegawa awe mmoja tu. Nilipanga anwani zigawiwe zenye namba ya mwisho kuanzia 100 hadi 200, nikaziacha namba za chini kwa vifaa visivyotakiwa kuhamahama: printa kwenye 20, na mashine ya kurekodi kamera za ulinzi kwenye 30. Kwa miezi minane mambo yalikwenda vizuri.

Wiki tatu zilizopita nilifungua duka asubuhi nikakuta kompyuta haziioni printa, na kamera hazionekani kwenye simu. Usiku ruta kuu ilikuwa imesasishwa kwa mbali na kurudishwa 192.168.1.1. Kompyuta zilikuwa zimepokea anwani mpya za 192.168.1, huku printa ikibaki kwenye 192.168.10, na kwa maski ya 255.255.255.0 (namba inayoonyesha mtandao unaishia wapi) hiyo ni mitandao miwili isiyoonana hata kama waya ni mmoja. Nilipoingia kwenye ruta ili nirudishe nilivyokuwa nimepanga, menyu ya LAN haikuwepo tena. Nilichoachiwa ni kubadilisha jina la waifai na neno lake la siri, basi.

Nimepiga simu huduma kwa wateja mara nne. Kila mara naulizwa kama intaneti inafika, na nikijibu kwamba inafika naambiwa hakuna tatizo, nizime ruta na kuiwasha. Siku ya tano alikuja fundi, akaingia kwa neno la siri la kampuni huku ameigeuza kompyuta yake nisione, akarekebisha kwa dakika tatu na kuondoka. Baada ya siku mbili mipangilio ikarudi kama mwanzo, kwa sababu seva yao inaisukuma upya kupitia TR-069, mfumo ambao watoa huduma huutumia kuziendesha ruta za wateja wakiwa mbali. Fundi huyo huyo alinishauri kwa simu nibadilishe anwani za vifaa vyangu vyote. Yaani nihamishe kila kitu ndani ya nyumba yangu ili kuifuata ruta yao, na wakiamua kuisasisha tena nianze upya!

Nakubali kwamba upande wa WAN, yaani unaotoka kwenda kwenye intaneti, ni wao. Mteja akichezea VLAN au jina la PPPoE, mipangilio inayoiunganisha ruta na mtandao wao, atakosa intaneti na kuwasumbua bure, kwa hiyo wakizificha hizo sina neno. Lakini anwani za 192.168 zilitengwa tangu miaka ya 1990 kwa ajili ya mitandao ya ndani, wala hazisafiri kwenye intaneti. Jirani yangu anaweza kutumia zilezile ninazotumia mimi na tusigongane kamwe. Mtoa huduma hapungukiwi na chochote printa yangu ikiwa kwenye 192.168.10 badala ya 192.168.1. Mimi ndiye ninayepoteza wateja wanaokuja kuchapa fomu na kuondoka mikono mitupu.

Nimewaandikia barua pepe nikitaka mojawapo ya mambo mawili: wanirudishie menyu ya LAN na DHCP, au waifanye ruta yao iwe daraja tu, yaani ipitishe intaneti bila kugawa anwani, ili ruta yangu ishike kazi yote. Leo ni siku ya tisa bila jibu. Kama kuna aliyefanikiwa kubadilishiwa ruta kuwa daraja kwenye laini ya faiba ya nyumbani, naomba aeleze aliomba kitengo gani, na kama mipangilio hiyo ilibaki baada ya ruta kusasishwa.