Wadau wa Mwanza: tumefungiwa njia ya mlimani, tunaanzia wapi?

Gia_Ndogo ameuliza:

Mwangaluka wadau. Naomba ushauri kabla sijagombana na watu.

Mimi ni fundi cherehani. Wiki nzima nimeinama kwenye mashine, Jumamosi ndiyo siku mgongo wangu unanyooka. Tuko sita, tuna baiskeli za milimani za mtumba (yangu ina gia saba, zinazoshika ni tatu), na kwa miaka miwili tumekuwa tukipanda kilima kimoja upande wa Nyegezi. Mtaa sitautaja. Njia inaanzia nyuma ya nyumba za mwisho, inapita katikati ya mawe mawili yaliyobanana mpaka uinamishe usukani ndipo upite, halafu inashuka hadi ziwani. Asubuhi mijusi ile yenye kichwa chekundu na mwili wa bluu inaota jua juu ya mawe, na hata haikimbii ukipita.

Jumamosi iliyopita tumekuta bango la bati: MARUFUKU BAISKELI NA PIKIPIKI, FAINI 50,000/=. Halina muhuri wala sahihi. Pembeni kakaa kijana mwenye kirungu, anasema yeye ni mgambo. Hela hatukuwa nazo, akachukua pampu yangu. Risiti hakuna.

Mlima ni wa umma, hauna uzio wala hati ya mtu. Wanaruhusiwaje kutufungia? Na nani wa kumwendea?

---

Karani_Mstaafu amejibu:

Kijana, nimekaa masjala ya halmashauri miaka mingi, si hapo Mwanza, lakini karatasi ni zilezile.

Serikali ya mtaa haitungi sheria ndogo. Kwa mjini anayetunga ni halmashauri, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura 288, na haiwi sheria mpaka waziri mwenye dhamana airidhie na itoke kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo nenda ofisi ya mtaa, salimia vizuri, uliza: faini hii imo katika sheria ndogo ipi? Kama ipo watakuonyesha. Kama haipo, lile ni bati tu. Na faini isiyo na stakabadhi usilipe.

Ila usikimbilie kusema "mlima wa umma". Uliza kwanza unasimamiwa na nani. Kama ni msitu wa hifadhi, kuna Sheria ya Misitu ya 2002 na mwenyewe huenda ni TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kule chini ziwani kuna Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, kinachozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kupita na baiskeli si shughuli ya kudumu, lakini mkianza kujenga kibanda cha soda pale mtajikuta upande mbaya.

Andika barua, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani. Ukipeleka, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Watu wengi husahau huo muhuri, wakajikuta hawana barua.

---

Binti_wa_Mwalo amejibu:

Shikamoo mzee Karani, umeongea vizuri. Sasa kaka Gia_Ndogo, mbona habari ya dagaa hukuisema?

Nawaeleza wengine. Ile njia ndiyo ya kina mama wanaoanika. Boti zikirudi alfajiri wanabeba dagaa wabichi kwa mabeseni kutoka mwaloni kwenda kwenye yale mawe bapa ya juu, kwa sababu ukianika chini wanashika mchanga. Wiki mbili zilizopita mama yangu mdogo alikuwa anapanda, beseni kichwani, mkono mmoja juu. Hapo kwenye mawe yaliyobanana huoni mtu wa mbele. Baiskeli ya kwanza ikapita, akashtuka. Ya pili ikaja kimya, hakuna kengele, hakuna "hodi". Akajitupa pembeni, na beseni likaenda na maji yake.

Dagaa wakishaingia mchanga, mnunuzi akitafuna mmoja tu anakurudishia wote. Wanabaki kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya kuku. Hakuna aliyesimama. Bango limewekwa baada ya hapo, na waliochanga hela ya bati ni hao kina mama.

---

Gia_Ndogo amejibu:

Dada, ni kweli. Nilikuwa wa nne. Nilimwona amekaa chini, nikadhani wa mbele wameshaongea naye, nikapita. Tulipofika chini kila mtu akawa anamtazama mwenzake. Sikuandika kwa sababu nilijua nikiandika hakuna atakayenijibu habari ya bango.

---

Pedeli_Karura amejibu:

Pole nyote. Mimi mzaliwa wa Musoma, nafanya kazi Nairobi, naendesha baiskeli kwenye msitu wa Karura. Pale baiskeli zinaruhusiwa, ila unalipa getini na unafuata njia zilizowekewa alama.

Kelele hizi si za Mwanza peke yake. Kule California waendesha baiskeli walipoanza kufungiwa njia wakaungana, mwaka 1988 wakaanzisha IMBA, chama kinachotetea baiskeli za milimani. Wanachama hutetea njia, na hushika sepetu kuzitengeneza. Uingereza walipewa haki ya kupita njia za farasi kwa sheria ya 1968, na sheria hiyohiyo inasema mwenye baiskeli ampishe anayetembea na aliyepanda farasi. Ukiondoa farasi, ukaweka beseni, ni habari ileile.

---

Mponda_Kokoto amejibu:

Mie naponda kokoto mlima wa pili, naona mnavyoshuka. Mnafunga breki ya nyuma, tairi linaburuza, linachora mfereji. Mvua ya vuli ikija maji yanafuata huohuo mfereji, ya masika yanaumalizia. Pale kwenye mteremko wa mwisho sasa mtu anaingia mpaka magoti. Hao kina mama wanapanda humo.

Dawa ipo na mawe tunayo. Pangeni mstari wa mawe mshazari, siyo wa kukatiza njia moja kwa moja, maji yatoke pembeni kabla hayajapata nguvu. Kila hatua ishirini hivi, penye mwinuko mkali karibu zaidi. Na siku mvua imenyesha msije. Njia ikiwa mbichi hata mbuzi anaiharibu.

---

Binti_wa_Mwalo amejibu:

Nimewasomea kina mama haya yote jana jioni. Mama mdogo kacheka hapo kwa farasi.

Wanasema hivi. Siku za giza ndizo za dagaa, maana taa za wavuvi ndipo zinapowavuta. Siku hizo msionekane njiani kabla ya saa nne asubuhi. Kufikia hapo tumeshapandisha wote. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wamelala, mlima mtupu, pandeni hata alfajiri. Kengele lazima. Pale kwenye mawe mawili mnashuka, mnakokota. Mkikubali, wao wenyewe watamwambia mwenyekiti kwenye mkutano wa mtaa bango libadilishwe maneno. Kijana wa kirungu hawamjui, hawakumweka wao.

---

Karani_Mstaafu amejibu:

Hayo yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, neno kwa neno. Mwenyekiti akibadilika mwakani msianze upya. Na pampu idaiwe hapohapo.

---

Gia_Ndogo amejibu:

Tumekubali wote sita. Kengele nimenunua za chuma, zile za plastiki hazisikiki kwenye upepo. Jumamosi hii hatuendeshi, tunakuja na majembe mawili na toroli ya kukodi kupanga mawe kwenye huo mteremko. Mponda_Kokoto, tafadhali uwepo utuonyeshe mshazari wenyewe.

Dada Binti, samahani nauliza hapa mbele za watu. Lile beseni la mama lilikuwa la kati au lile kubwa?

---

Binti_wa_Mwalo amejibu:

Kubwa.