Naomba ushauri: Nintendo 64 ya Marekani, nataka niiwashe huku Arusha

Wakuu habari zenu, niko Sakina hapa Arusha, shemeji karudi toka Marekani kaniletea Nintendo 64, ile mashine ya gemu, na kaseti ya gemu ya Super Mario 64, ile yenyewe ya 1996. Sasa naogopa kuiunguza maana adapta imeandikwa 120V na umeme wetu ni 230, je zile transfoma za kushusha za madukani zinafaa au kuna za kukwepa? Halafu tv yangu ni flat ina HDMI tu na waya za gemu ni zile tatu, njano nyeupe nyekundu, ya bimkubwa ni chogo ila nasikia gemu za Marekani ni NTSC, yaani mfumo wa picha wa kwao, chogo za huku zingine zinatoa picha isiyo na rangi. Ninunue konveta ya kugeuza hizo waya ziingie kwenye HDMI?

Najua mtasema pakua tu kwenye simu umalize. Hapana bana, hii niliicheza zamani kwa binamu, utamu wote uko kwenye kijiti cha pedi, ukisukuma kidogo Mario ananyata, ukisukuma chote anakimbia, kwenye kioo cha simu hiyo kitu hupati. Na haikulazimishi, nyota ziko 120 ila ukifikisha 70 unaenda kumalizana na Bowser, yule adui mkuu, zingine tafuta kwa raha zako, au shinda unapanda miti nje ya kasri. Madogo wa FIFA wananicheka, waache.

Kijiti chenyewe kimelegea, fundi wa haya madude yupo hapa town? Hata Moshi nafuata.