Tupeane uzoefu: nauli ya ndege Dar–Mwanza, ilivyoshuka na ilivyopanda

Mwana Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Nimeulizia tiketi ya Mwanza kwa safari ya wiki hii, bei niliyotajiwa imenirudisha mbali. Nimekumbuka Novemba 2012, shirika la ndege la Fastjet wanaingia na zile Airbus A319 zenye kasuku mkiani, nauli ya kuanzia Sh 32,000 kabla ya kodi na tozo. Watu waliozoea kulala njiani wakaanza kupanda ndege. Mliosafiri enzi zile na mnaosafiri sasa, mwageni yaliyowakuta.

Binti Magu
Mama yangu alipanda ndege kwa mara ya kwanza kipindi hicho. Miaka yote alikuwa mtu wa basi. Dodoma, Singida, Shinyanga, akishuka miguu imevimba hadi viatu havimwingii. Siku hiyo tunatua Mwanza ananiuliza, "Hapa ndo Dodoma?" Nikamwambia mama, tumefika nyumbani. Alilia.

Kijana wa Kirumba
Nakazia. Bi mkubwa wangu vilevile.

Mhasibu Mstaafu
Ile 32,000 tusiisimulie nusunusu. Ilikuwa ya waliowahi. Kadiri viti vinavyojaa na siku inavyokaribia, bei inapanda. Begi la kupakia unalipia, kuchagua kiti unalipia, kubadili tarehe unalipia. Ndiyo biashara yenyewe ilivyo. Lakini hata aliyekata kwa washindani alipata unafuu, maana nao walibanwa wakashusha. Hilo ndilo tulilopoteza.

Mjukuu wa Ukerewe
Umesema waliowahi, umenigusa pabaya. Msiba unauwahi vipi?

Baba mdogo alinipigia usiku, mzee katutoka, tunazika keshokutwa mchana, Ukerewe. Mimi ndiye kifungua mimba. Nikakata tiketi ya shirika lenye bei nafuu, ya kesho yake mchana, ili nilale Mwanza niwahi kivuko cha Nansio asubuhi. Nimefika uwanjani, nimepima mzigo, nimekaa. Mara safari imesogezwa mbele. Mara imesogezwa tena. Jua linazama wanatangaza imefutwa, ndege ina hitilafu, na hawana nyingine. Tusubiri keshokutwa au turudishiwe hela.

Nikakimbilia dirisha la shirika jingine. Kiti kipo cha alfajiri, bei karibu mara tatu ya niliyolipa. Nikaanza kupiga simu, shemeji tuma, binamu tuma. Hela imetimia, narudi dirishani, dada ananiambia kile cha bei ile kimeshachukuliwa, kilichobaki kimepanda. Sikuwa nazo. Basi la asubuhi lisingenifikisha.

Walinisubiri mpaka saa tisa. Mdogo wangu akanyanyua simu juu ya kaburi ili nisikie. Nikasikia upepo wa ziwa na katekista akiniita kwa jina nitie udongo wa kwanza. Mtandao ukakata.

Binti Magu
Pole sana kaka. Sina neno.

Kijana wa Kirumba
Pole mkuu. Hapo kwenye kuitwa jina nimeshindwa kuendelea.

Fundi Umeme
Pole. Ila hizi ndege za bei chee ndivyo zilivyo.

Mhasibu Mstaafu
Si kweli. Hata za bei ghali zinafuta safari. Tatizo ni ndege chache. Shirika lina moja au mbili, ikiharibika moja ratiba nzima imekufa. Fastjet hao hao, Desemba 2018 TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, walitangaza nia ya kuwafutia leseni kwa madeni na kutokuwa na ndege.

Fundi Umeme
Nani aliwamaliza? Serikali ilifufua shirika lake la Air Tanzania, ATCL, 2016, ikanunua ndege kwa fedha za umma kisha ikalikodishia. Utashindana vipi na mtu huyo?

Mwalimu wa Geita
Ungependa tubaki na shirika moja binafsi litupangie bei? Ndege za ATCL zinakwenda hata pasipo na faida.

Fundi Umeme
Na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ameandika hasara zake mwaka hadi mwaka. Hiyo hasara ni nauli tunayolipa bila kupanda, mwalimu.

Mwalimu wa Geita
Bora hiyo kuliko 32,000 ya miaka michache halafu watu wanaachwa njiani.

Mswahili wa Likoni
Huku Kenya Jambojet waliingia 2014, Nairobi–Mombasa kuanzia shilingi 2,850. Halafu 2017 likaja treni la SGR, reli ya kisasa, kwa 700. Ndege zikibanwa na treni pia zinashika adabu. Nyinyi mna SGR ya Dodoma, subirini ifike Mwanza.

Kijana wa Kirumba
Ushauri wangu, panda treni mpaka Dodoma, 2024 ilikuwa 31,000, pale dandia basi.

Binti Magu
Na mama mwenye miguu inayovimba? Hapana. Kata mapema, katikati ya wiki, usiguse Desemba.

Mwalimu wa Geita
Mimi napata nafuu siku za mwisho. Nenda kaunta mwenyewe, wape salamu.

Mhasibu Mstaafu
Asijaribu mtu hiyo. Mjukuu wa Ukerewe, hela walikurudishia?

Mjukuu wa Ukerewe
Walirudisha, arobaini imeshapita.

Mhasibu Mstaafu
Siku nyingine peleka malalamiko kwenye baraza la watumiaji wa usafiri wa anga, TCAA-CCC. Tunza tiketi na ule ujumbe wa kufutwa. Kila mmoja akinyamaza, shirika linahesabu kwamba hakuna aliyeumia.