Kila mwanamke akiuawa swali lenu ni lile lile: "Alifuata nini kule?"

Asalaam aleikum wote. Leo sina salamu ndefu. Naandika nikiwa na hasira, na atakayeona napayuka anivumilie hadi mwisho kwanza.

Asubuhi nimepanda matatu Kiembeni kwenda kazini mjini. Saa moja na nusu, gari limejaa, dereva kafungulia redio mpaka madirisha yanatetemeka. Ni vile vipindi vya asubuhi mnavyovijua, watangazaji wawili, mwanamume na mwanamke, wanasoma habari kisha wanafungua simu. Wakafika kwenye habari ya mwanamke aliyeuawa na mtu aliyekuwa mpenzi wake. Habari yenyewe haikumaliza dakika moja. Mtangazaji akacheka, akasema, "Lakini jamani tuambizane ukweli, alifuata nini kule usiku?"

Simu zikaanza. Wa kwanza akasema wasichana wa siku hizi wanapenda vya bure. Wa pili akasema bila shaka alikula nauli, yaani alitumiwa pesa za safari akazila bila kwenda. Wa tatu alikuwa mwanamke, sauti ya mtu mzima, akasema wa kulaumiwa ni wazazi walioshindwa kumfungia binti yao. Kutoka Kiembeni hadi daraja la Nyali, na foleni ile, ni hayo tu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yule mwanamume alifuata nini. Kisu alikikuta au alikwenda nacho? Alikuwa amemtisha mara ngapi kabla ya siku ile? Nani alijua akanyamaza? Hakuna.

Nikamwambia dereva, "Kaka, tafadhali badilisha hiyo stesheni." Makanga akanijibu mbele ya watu, "Dada, kama inakuuma kapande teksi." Gari zima likacheka. Hata mama aliyekaa pembeni yangu, amepakata kikapu chake, alicheka. Kicheko cha yule mama ndicho kilichonichoma kuliko vyote. Nimeshuka Buxton nikamalizia safari kwa miguu.

Swali hili nimelisikia mpaka limenikaa kichwani kama wimbo. Januari 2024, wanawake walipouawa Nairobi kwenye nyumba za kukodi za siku mbili tatu, watu walikuwa wakiliandika hata maiti hazijazikwa. Kuna waliopekua kurasa za marehemu, wakachambua picha, wakachagua za gauni fupi na kuzisambaza kana kwamba ni ushahidi. Ushahidi wa kesi gani? Tangu lini aliyechinjwa akawa mshtakiwa? Tulipoandamana tarehe 27 mwezi ule, Nairobi, hapa Mombasa na miji mingine, nilikuwa nimebeba bango, na mwanamume mmoja kando ya barabara akanipigia kelele, "Waambieni waache kwenda kwa watu!"

Basi natuwatazame ambao hawakwenda kwa mtu.

Agnes Tirop, Septemba 2021, alikuwa Ujerumani, akavunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Mwezi uliofuata alikutwa ameuawa kwa kisu Iten. Alikuwa nyumbani kwake. Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyejenga Trans Nzoia, Agosti 2024 alikimbia marathoni ya Olimpiki Paris. Tarehe 1 Septemba akamwagiwa petroli na aliyekuwa mpenzi wake, akawashwa moto, akafa hospitalini Eldoret tarehe 5. Naye alikuwa nyumbani kwake, katoka kanisani na watoto.

Hapo hamkuweza kuuliza alifuata nini. Mkabadilisha. Mkasema pesa zilimpanda kichwani, hakumheshimu mwanamume, alimringia. Nilizisoma maoni zile kwa macho yangu haya, usiku ule ule wa msiba. Akitoka ana tamaa, akikaa kwake ana kiburi. Nionyesheni basi ni wapi mwanamke asimame ndipo mkubali kwamba kaonewa.

Nataka nikae kidogo kwenye hili la kula nauli, maana najua kuna watakaoniambia ni mzaha tu. Mwanamume anamtumia msichana mia tano kwa M-Pesa, msichana haji. Hilo ndilo kosa, halina jingine. Kwa kosa hilo zimetengenezwa klipu za vichekesho zisizo na idadi, zimetungwa nyimbo, redio zimejadili wiki nzima. Na karibu zote, pale pa kuchekesha ni pale msichana anapotiwa adabu. Kafungiwa ndani. Kanyang'anywa simu. Kaachwa barabarani usiku wa manane analia. Watu wanacheka, wanawatumia wenzao, nao wanacheka.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka kumi na minne. Klipu hizo anazijua kwa moyo kuliko anavyojua masomo yake. Juzi nilimsikia barazani kwetu akimwambia mwenzake, "Ukishamtumia, huyo ni wako." Mtoto ambaye hajawahi kushika mia tano yake mwenyewe, tayari anajua bei ya binadamu! Nikamwita ndani, nikamkalisha, tukazungumza mpaka adhana ya isha. Hakunielewa yote. Aliniuliza, "Sasa dada, kwa nini apokee?" Nikamwambia, akipokea ana deni la mia tano, na deni la mia tano hulipwa kwa mia tano. Akanyamaza. Sina ugomvi naye, ni mtoto. Ugomvi wangu ni na watu wazima wenye maikrofoni na kamera, wanaolipwa mshahara kumfundisha hivyo kila asubuhi.

Na tafadhali, asitokee mtu hapa kusema haya yameletwa na simu na usasa. Bibi yangu wa Kibokoni ni mpenzi wa taarabu za zamani. Jioni hii nimepita kwake, nikamweleza ya kwenye matatu, nikilia. Akanisikiliza. Kisha akaniuliza, "Wimbo wa Kijiti unaujua?"

Niliujua kwa kuusikia tu, sikuwahi kuutia akilini. Ni wimbo wa Siti binti Saad wa Unguja, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili. Kisa ni cha kweli. Mwanamke mgeni alivuka kutoka bara kuja Unguja, naye ni mja mzito. Akatolewa matembezi na wenzake, na huko mwanamume aliyeitwa Kijiti akamfanyia unyama na kumuua. Kijiti akakimbilia bara, hakushikwa. Kesi ikasikizwa kwenye mahakama ya wakoloni, na waliotiwa hatiani ni wanawake wawili waliotoka na marehemu, kwa sababu wao ndio waliopeleka pombe. Karibu miaka mia imepita! Muuaji kaondoka zake, na mahakama imekaa inauliza wanawake walifuata nini matembezini na nani alileta chupa.

Lakini tazameni alichofanya Siti. Wimbo unaitwa kwa jina la nani? La Kijiti. Ulipigwa kwenye gramafoni, ukaimbwa Unguja, ukaimbwa mwambao huu wote, na kila ulipofika ulifika na jina la muuaji. Mahakama ilimkosa, wimbo haukumkosa. Bibi anasema wao wasichana wakiusikia walikuwa wakijua unamsema nani na kwa nini.

Sasa fungueni simu zenu mtazame habari yoyote ya mauaji ya mwanamke mwaka huu. Picha ya nani imewekwa juu? Ya marehemu, anatabasamu, na gauni lake. Jina la nani, kazi ya nani, umri wa nani, marafiki wa nani? Wake. Na yule aliyeua ni "jamaa", ni "mpenzi wake", ni "mwanamume aliyejawa na wivu". Hana sura. Hana historia. Hana hata mama aliyemlea vibaya, maana hilo nalo huulizwa kwa msichana peke yake. Siti hakusoma shule, hakuwa na redio, na alilijua jambo ambalo watangazaji wenye shahada zao hawataki kulijua.

Nikimaliza na redio, nije kwa serikali. Rafiki yangu mmoja, simtaji, aliachana na mwanamume mwaka jana. Tangu hapo anatumiwa ujumbe usiku: nitakufuata, nitakuharibu sura, picha zako ninazo. Mwezi uliopita nilimpeleka kituo cha polisi. Dawati la jinsia, lile la kupokea kesi za ukatili kama huu, lilikuwa limefungwa. Afisa wa zamu akasoma ujumbe mmoja, akarudisha simu, akasema, "Haya ni mambo ya mapenzi, nendeni mkayazungumze. Akikugusa ndiyo uje."

Akimgusa kwa kitu gani, kwa petroli? Tuna Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani tangu 2015, na inasema vitisho na kumwandama mtu ni ukatili tayari, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi kabla mkono haujainuliwa. Picha nazo, sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018 inasema anayesambaza picha za faragha za mwenzake anaweza kutozwa faini hadi shilingi 200,000 au kufungwa hadi miaka miwili, au vyote viwili. Mimi si wakili, hizi nimezisoma kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya feri. Afisa amevaa sare ya serikali hazijui?

Na polisi hao hao ndio waliotangaza kwamba wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba 2024. Zaidi ya mmoja kwa siku. Tarehe 10 Disemba mwaka ule, Siku ya Haki za Binadamu, wanawake wakatoka Nairobi kupinga mauaji hayo, wakarushiwa vitoa machozi. Januari iliyofuata likaundwa jopo la watu 42 la kutazama ukatili huu, chini ya Nancy Baraza, aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu. Jopo silikatai. Lakini kwenye kile kituo chetu mlango wa dawati la jinsia una kufuli, na kufuli halisomi ripoti.

NYONGEZA, saa nne usiku: Nimesoma majibu yenu. Kwa wewe uliyeandika kwamba tungeshika mafunzo ya Mwana Kupona haya yasingetufika. Kaka yangu, mimi Utendi wa Mwana Kupona nimesomewa na bibi tangu sijaota meno ya ukubwani. Ndiyo, anamwambia binti yake kwamba radhi za mume ni mojawapo ya radhi tano. Sikatai, ndivyo alivyoandika mwaka 1858, mgonjwa, mjane, anamuusia mwanawe. Nionyeshe ubeti unaompa mume ruhusa ya kuua. Nionyeshe ubeti unaosema mke asipotii achomwe. Haupo. Na mwishoni kabisa anawaita wanawake wote wausome na wafahamu maana yake. Huo ubeti nao uuweke kwenye maoni yako.

Kwa dada aliyeuliza kama kuna namba ya kupiga mtu anapofanyiwa ukatili: 1195, haina malipo, saa zote. Andikeni mahali penye kuonekana, si kwenye simu peke yake, maana simu ndicho kitu cha kwanza wanachokunyang'anya.

Kwa waliouliza ni redio gani: sitaitaja hapa, nimewaandikia wenyewe.

Rafiki yangu amekubali kurudi kituoni. Ni Jumatatu saa tatu asubuhi. Safari hii tutakuwa wanne, ujumbe wote umepigwa chapa kwenye karatasi pamoja na tarehe zake, na hatutoki mpaka utiwe kwenye kitabu cha ripoti na tupewe namba. Bibi amesema na yeye anakuja, ameshaniagiza nimpigie pasi buibui lake. Mwenye kutaka kufuatana nasi aniandikie faraghani.