Masomo yote ya Kidato cha Kwanza ni kwa Kiingereza: nianzie wapi ili nielewe?

Muulizaji

Shikamooni wakubwa zangu. Nilisoma shule ya msingi ya serikali, ambako tulifundishwa kila kitu kwa Kiswahili isipokuwa somo la Kiingereza lenyewe, na katika Sayansi sikuwahi kutoka katika tano bora. Tangu niingie Kidato cha Kwanza mwezi Januari, mambo yamegeuka. Juzi mwalimu wa Bayolojia aliuliza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Jibu nilikuwa nalo: mwanga wa jua, maji, hewa ya kabonidayoksaidi na ile rangi ya kijani ya majani. Niliposimama sikupata hata neno la kuanzia, nikabaki nimeshika ukingo wa dawati mpaka akaniambia niketi. Usiku nakariri notisi nisizozielewa. Aliyepita njia hii alianzia wapi?

Jibu la 1

Marahaba, mwanangu. Nafundisha Kiingereza sekondari, na kila Januari napokea watoto wenye uchungu huo huo, kwa kuwa hapa Tanzania shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967 na sekondari zimebaki na Kiingereza. Maarifa uliyokuja nayo hayajapotea, yanasubiri maneno. Acha kukariri ukurasa mzima. Funga daftari, jieleze somo kwa Kiswahili mpaka uridhike, kisha andika sentensi tatu tu za Kiingereza. Neno ulishike pamoja na wenzake: usiandike “absorb” peke yake, andika “roots absorb water from the soil”, maana katika mtihani utatakiwa utoe sentensi. Na ukishaandika, isome kwa sauti.

Jibu la 2

Pole, mdogo wangu. Niko chuo kikuu sasa, lakini mwaka wangu wa kwanza wa sekondari ulikuwa kama wako. Mwalimu aliniuliza, “Didn't you do the homework?” nami, ambaye kweli sikuifanya, nikajibu “Yes”, kama tunavyosema “Ndiyo, sikuifanya”. Akadhani nimeifanya na akalitaka daftari, kisha nikaonekana mwongo mbele ya darasa. Kwa Kiingereza nilipaswa kusema “No”. Vivyo hivyo “he” na “she”: sisi tunasema “anakuja” bila kujali mwanamume au mwanamke, kwa hiyo ulimi huteleza. Nilianza kuandika makosa ya namna hiyo nyuma ya daftari, na nilijifunza mengi humo kuliko katika orodha za msamiati.

Jibu la 3

Mimi ni mzazi. Naomba walimu wasimwadhibu mtoto kwa kuongea Kiswahili shuleni, kwa sababu binti yangu alinyamaza muhula mzima kwa kuogopa, na mtoto aliyenyamaza hajifunzi lugha yoyote. Alianza kuongea tulipompata jirani wa kuzungumza naye Kiingereza nusu saa kila jioni bila kumcheka.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Jana nilimweleza mdogo wangu somo lote kwa Kiswahili, kisha nikaandika: “Leaves make food. They use light and water.” Ya tatu imenishinda. Mwalimu, naomba kuuliza: nimeliona neno “leaves” katika kamusi likiwa na maana ya majani na pia ya anaondoka. Nitajuaje ni lipi ninapolikuta katikati ya sentensi?

Jibu la 1

Tazama linakaa wapi. Katika “Leaves make food” ndilo linalotenda, hivyo ni majani. Katika “She leaves school at four” limekuja baada ya mtendaji, hivyo ni anaondoka. Ya tatu uanze na “The green colour”, kisha uniletee hapa kesho.