Naomba ushauri: nimebadili uzito wa risasi, bunduki aina ya 30-06 ya marehemu baba imehama shabaha

MwanaWete
Assalaam alaykum wangwana. Nahitaji msaada wa waliozoea bunduki ya risasi, si ya marisau, maana huku kwetu Pemba wengi tunaijua hiyo ya pili.

Nina 30-06 aliyoniachia baba, mwili wake ni mti wa asili, ina darubini juu. Leseni imeshahamia jina langu na vibali vya kuwinda bara ninavyo. Miaka yote baba alitumia risasi za greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), na kwa mita 100 matundu matatu ulikuwa unayafunika kwa kikombe cha kahawa. Safari hii dukani Dar nimekuta greni 180 tu, nikachukua boksi mbili. Wiki iliyopita nimekwenda uwanja wa shabaha huko huko bara, nikapiga tano. Zote chini ya pale nilipolenga, sentimita 9 hivi, na kushoto sentimita 5. Tena zimetawanyika, kikombe hakizifuniki, labda kisahani chake.

Je, mtutu umeshakufa? Au nizungushe darubini tu yaishe? Mwezi ujao tunakwenda kutafuta kongoni, na sitaki kumjeruhi mnyama akaingia kichakani na maumivu yake. Nataka nimkute yu hai nimchinje.

Yakhe_Mkoani
Yakhe, kitu kizito huanguka, hapo hakuna siri. Zungusha darubini: panda kliki kumi na mbili (kliki ni hatua moja ndogo ya kirungu cha darubini), nenda kulia saba, safari njema.

Fundi wa Ng'ambo
Waalaykum salaam, mwanangu. Mungu amrehemu baba yako. Usiiguse darubini bado.

Yakhe wa Mkoani kasema kitu kizito huanguka, na kweli huanguka, lakini tuipime. Greni 150 ni gramu 9.7, nayo katika 30-06 hutoka mtutuni kwa mwendo wa kama mita 885 kwa sekunde. Greni 180 ni gramu 11.7, hutoka kwa kama mita 820. Kufika mita 100, ile nzito huchelewa kwa muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika muda huo, tofauti ya kuanguka ni sentimita moja tu. Wewe umepoteza tisa. Hizo nane nyingine zimetoka wapi? Na kushoto je? Uzito hauvuti kitu kushoto.

Zimetoka kwenye mtutu. Baruti ikiwaka, mtutu hutikisika kama ncha ya upondo unapouchomoa kwenye tope. Kichwa cha risasi hutoka wakati ncha iko mahali fulani katika kutikisika kule. Ukibadili uzito, umebadili muda ambao risasi inakaa ndani, umebadili na teke la bunduki, kwa hiyo inatoka ncha ikiwa mahali pengine. Pengine chini, pengine juu, pengine pembeni. Nimewahi kuona bunduki ambayo risasi nzito ilipiga juu kuliko nyepesi. Ndiyo maana jedwali la kwenye boksi halikwambii bunduki YAKO itapiga wapi. Utajua kwa kupiga.

Mtutu kufa, sidhani. Hiyo 06 katika jina ni mwaka 1906, Jeshi la Marekani lilipoipokea ikiwa na kichwa cha greni 150. Lakini iliyoitangulia, ya 1903, ilikuwa na kichwa cha greni 220, na mtutu ukafanywa kwa ajili ya uzito ule: mistari ya ndani huzunguka mara moja kwa kila inchi 10. Msokoto huo 30-06 nyingi zinao mpaka leo, na 180 unaishika vizuri kabisa.

Kinachonitia wasiwasi ni huko kutawanyika. Kuhama ni kawaida. Kutawanyika kuna sababu yake, na ukizungusha darubini sasa utakuwa unafukuza matundu ambayo hayana katikati. Niambie: bunduki inakaa wapi, na kipindi cha masika ilikuwa wapi?

Chasha
Kama ana maganda ya zamani si ang'oe vichwa vya 180 apachike vya 150? Baruti ni ile ile.

Fundi wa Ng'ambo
Hapana, Chasha, na yeyote anayesoma asijaribu. Baruti si ile ile wala kipimo si kile kile. Kila uzito umepimiwa baruti yake, na presha ikizidi, chemba (pale risasi inapokaa) hupasuka mbele ya uso wa mtu.

MwanaWete
Ami, nyumbani kwetu bahari naiona kutoka barazani. Masika yote ilikuwa kwenye sanduku lake la chuma, imefungwa nguo.

BintiMsasi
Kaka, nguo ndiyo inayoshika unyevu. Baba yangu aliwinda miaka mingi na hakuwahi kuifunga nguo. Akiifuta mafuta membamba kila wiki, nasi watoto ndio tuliokuwa tukishika kitambaa. Kabla ya kupiga alipitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu, maana risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta huenda kwake peke yake.

Fundi wa Ng'ambo
Ahsante ukhti, hilo ni muhimu. Sasa MwanaWete, hakikisha bunduki haina kitu ndani, angalia kwa jicho na kwa kidole. Chukua noti, ipitishe baina ya mtutu na mti kuanzia mbele, uivute kurudi nyuma pande zote mbili. Niambie inakwama wapi.

MwanaWete
Imekwama! Upande wa kulia, vidole vitatu kutoka ncha ya mti. Nikivuta kwa nguvu noti inajikunja. Kushoto inapita mpaka karibu na chemba.

Fundi wa Ng'ambo
Basi mti umevimba na unausukuma mtutu kushoto. Hiyo ndiyo kushoto yako. Ila usishike msasa. Viwanda vingine huacha kinundu makusudi karibu na ncha kiubebe mtutu kwa chini, na ukikiondoa bila kujua unaharibu zaidi. Kinundu cha kiwanda hakikai upande mmoja hivyo, lakini mpelekee fundi silaha mwenye leseni aufungue aone. Akaze na skrubu za chini.

Ukirudi uwanjani: risasi za boksi moja, mfuko wa mchanga chini ya mti na si chini ya mtutu, piga tatu, ngoja mpaka kiganja kitulie juu ya mtutu bila kuungua, piga tatu tena. Makundi mawili yakikubaliana, hapo ndipo zungusha. Na tafadhali, hata kwa risasi moja, usiipimie shambani Pemba. Risasi hii inakwenda zaidi ya kilomita 3, na huko kila mkarafuu una mtu chini yake.

Yakhe_Mkoani
Nimesoma, nimeelewa. MwanaWete, nisamehe kwa zile kliki.

MwanaWete
Wangwana, nimerudi. Fundi wa Dar kaufungua: skrubu ya mbele ilikuwa imelegea nusu mzunguko, na ndani ya mti hamkuwa na vanishi hata tone, ukipitisha kidole unasikia nyuzi za mbao zimesimama. Kakwangua upande wa kulia kidogo kidogo, akiipitisha noti kila mara, kisha kapaka vanishi ndani.

Greni 180 zile zile: makundi mawili ya tatu tatu, kila moja sentimita 4. Kikombe kimerudi! Kitovu kilikuwa chini sentimita 4, kushoto moja. Ami Fundi kanielekeza nje ya uzi niiweke sentimita 6 juu kwa mita 100 ili mita 200 iwe sawasawa. Kliki moja ya darubini yangu ni milimita 7 kwa mita 100, kwa hiyo nimepanda 14, kulia moja. Nimepiga tatu kuhakikisha, kisha nikasogea mita 200: tatu zote ndani ya kiganja.

Za greni 150 zimebaki 11. Nimezitia kopo lake peke yake na kuandika juu kwa wino mwekundu, zisije zikachanganyika. Tunavuka Jumapili, inshallah.